Mbavu Katika Maji ya Kabula

Rehema, na ninyi wenzake mnaokaa mbele ya kompyuta kwenye kile chumba cha Mirongo, naomba msiliguse kwanza lile doa.

Najua niliwaambia imependeza. Mlinikalisha kwenye kiti kizuri, mkanipa soda, mkanionyesha vipande viwili vya filamu yetu: kimoja kama kilivyotoka kwenye kopo lenye kutu, na kingine mlichokwisha kukifanyia kazi. "Bibi, unaona? Hapa palikuwa na kitu kama uchafu, tumeutoa wote," ukasema, Rehema, na uso wako ulikuwa wa mtu anayekabidhi zawadi. Nikajibu, "Hongereni wanangu, imependeza." Nikashuka ngazi nikishika ukuta. Nilipokaribia kwangu Igogo ndipo nikakumbuka kuwa hata kuwaaga sikuwaaga.

Ulisema nakala ya mwisho mnaifunga Ijumaa. Basi nimekaa kuwaandikia, kwa sababu nikija kusema kwa mdomo nitalia, na ninyi mtaniletea soda nyingine.

Mnivumilie, nitaanzia mbali. Nyie mnaijua filamu ile kwa sekunde na namba za faili. Mimi naijua kwa harufu.

Ilitokana na riwaya ya Mwalimu Bernadeta wa Ukerewe, kitabu chembamba kilichopita mikono mingi mpaka jalada likapotea. Humo mna binti anaitwa Kabula. Mvua zimegoma kwa kuwa mfalme wa chini ya ziwa ameiba ngoma inayoziita, na Kabula anaingia majini, anatembea juu ya mchanga wa chini kabisa, siku tatu, kwenda kuidai. Mzee Malimi alikisoma akiwa amesimama dukani, mlangoni, brashi mkononi, rangi ikimdondokea kwenye kiatu. Alipofika mwisho akasema, "Huyu binti amechoka kukaa ndani ya karatasi. Tumtembeze."

Mzee Malimi alikuwa mchoraji wa mabango. Kuku wa bucha, simba wa baa, bibi harusi wa saluni, nusu ya kuta za Mwanza zilikuwa kazi yake. Wakati mmoja alipelekwa nje miezi michache kujifunza kutengeneza katuni za kufundishia wakulima. Alirudi na daftari moja lililojaa michoro ya miguu. Miguu mitupu, ukurasa baada ya ukurasa. Akaomba chumba cha nyuma katika studio ya picha ya Bwana Jayanti, pale Mirongo, na mimi nilikuwemo humo humo nikiosha picha za pasipoti. Nikahamishiwa kwake. Nilikuwa msichana mwembamba nisiyejua kitu, na nilidhani katuni ni kitu kinachofanywa na mashine.

Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na meza yenye kioo katikati na taa chini yake, na misumari miwili iliyogongwa ukingoni. Kila karatasi ilitobolewa matundu mawili, ikavishwa kwenye ile misumari, ili mchoro wa leo ukae palepale ulipokaa mchoro wa jana. Kwa sekunde moja tulichora mara kumi na mbili. Kabula akiinua mkono kujikinga jua, wiki yangu imekwisha.

Mchoro wangu wa kwanza kukubaliwa ulikuwa wa kutembea. Niliuchora siku tisa. Mzee Malimi akazishika karatasi kama mtu anayeshika karata, akazipeperusha kwa kidole gumba. Akazipeperusha tena.

"Konso."

"Abee, Mzee."

"Huyu binti ana miguu miwili ya kushoto."

"Haiwezekani, Mzee."

"Mtazame mwenyewe. Ziwa lenyewe liko mbali, na wewe umempa miguu ya kuzunguka palepale."

Bwana Jayanti akachungulia kutoka mbele, akacheka mpaka miwani ikamshuka. Mimi nililia chooni. Kesho yake Mzee Malimi hakunipa karatasi. Alinituma Igogo, kwenye njia inayopanda kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, nikakae juu ya jiwe niangalie wanawake wanavyotembea na beseni za dagaa kichwani. "Usiangalie miguu kwanza," alisema. "Angalia uzito uko wapi. Uzito ukihama, mguu unafuata wenyewe."

Nikakaa. Siku ya pili mama mmoja akasimama mbele yangu, beseni kichwani, mikono kiunoni.

"We binti, tangu jana unatukodolea miguu. Unanunua dagaa au unanunua miguu?"

"Samahani mama, najifunza kutembea."

"Haya! Umri wote huo! Njooni muone, huyu hajajua kutembea!"

Walinicheka njia nzima, lakini yule mama, baada ya kucheka, alirudi nyuma hatua kumi na kupita tena polepole, kwa madaha, ili nione vizuri. Mkiitazama Kabula anavyoshuka ufukweni, mwendo ule ni wa yule mama. Jina lake sikuuliza. Hadi leo nikipita njia ile namtafuta, ingawa najua hesabu ya miaka.

Sasa nije kwenye plastiki, maana ndiko doa lilikotoka.

Katuni za wakati ule zilihitaji plastiki angavu. Unachora kwenye karatasi, halafu unanakili juu ya plastiki, unapaka rangi kwa nyuma, na unailaza juu ya picha ya mandhari. Hivyo Kabula anatembea na ziwa linabaki palepale. Mwanza plastiki hiyo haikuwepo. Dar haikuwepo. Mzee Malimi akazunguka siku nne na kurudi na bahasha kubwa ya kahawia kwapani. Ndani yake mlikuwa na picha ya eksirei ya goti la shemeji yake.

"Hii nyeusi yote ni ngozi tu," akaniambia. "Ukiivua, ndani kuna plastiki safi."

Tukaivua kwa maji ya moto na jiki. Ikatoka angavu kweli, yenye kaukungu ka buluu kwa mbali. Mzee Malimi akaiinua dirishani, akatabasamu. "Tayari tuko chini ya ziwa," akasema.

Ndipo tukaanza kuomba eksirei nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wanapewa picha zao hospitalini na kuziweka chini ya godoro, wasijue wazifanyie nini. Tulipewa vifua, nyonga, mikono iliyovunjika kwenye mpira. Studio ikanuka jiki mpaka maharusi wakaanza kukunja pua. "Malimi, wateja wangu wanadhani hapa ni wodi!" Bwana Jayanti alikuwa akilalamika, lakini jioni ya siku hiyohiyo alileta eksirei ya jino la mama yake, ndogo kama stempu. Tuliipokea kwa heshima. Haikutosha hata kuchora jicho.

Usagara tulikwenda kwa mama mmoja mjane, tuliyeambiwa ana picha kubwa ya kifua. Nyumba ilikuwa nyuma ya njia panda, ng'ombe wawili wamefungwa pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Mzee Malimi akaeleza shida yetu. Yule mama akaingia ndani, akatoka na bahasha iliyofungwa kwa kitambaa cha kanga, akaifungua taratibu. Lakini hakuitoa mkononi.

"Ni ya baba Ng'wasi," alisema. "Yeye kamera alikuwa anaiogopa. Akiona mtu na kamera anaingia shambani. Hii walimpiga hospitali, hakuwa na pa kukimbilia. Sasa nikiwapa hii, mimi nitabaki na nini?"

Mzee Malimi akaomba aishike kidogo. Akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama uso. "Alikuwa na kifua kipana," akasema.

"Sana!" yule mama akasema, na sauti yake ikawa ya msichana. "Akiimba shambani, ng'ambo ya pili wanamsikia."

Tulirudi mikono mitupu. Njiani nilicheka, nikasema mtu anawezaje kukumbatia mifupa na kuiita picha ya mume. Mzee Malimi hakucheka. Aliniambia tu, "Kamba ya kiatu chako imefunguka," na ilikuwa imefunguka kweli. Hakuna jambo lililompita.

Nataka mlikumbuke hilo. Mtu yule aliweza kupeperusha michoro mia na kusema, "Kwenye wa arobaini na moja umesahau kucha." Siku moja wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi waliingia studio, mmoja akakandamizwa chini ya kioo cha kamera. Tulikuwa tumeshapiga picha nne, na mimi sikuona kitu. Yeye akazima taa, akasema, "Kabula ameota kipele shavuni. Rudi nyuma." Jicho lake lilikuwa hivyo.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ile mliyofuta doa lake. Kabula amefika mbele ya nyumba ya ngoma. Amesimama, anasikiliza. Hafanyi lolote. Juu yake maji yanapanda na kushuka. Nilitaka kuchora mawimbi na viputo, Mzee Malimi akakataa. "Usichore maji," alisema. "Chora kinachosumbuliwa na maji. Nywele zake. Ncha ya kanga. Maji yenyewe weka mistari mitatu ya rangi nyeupe kwenye plastiki moja, tutaisogeza kwa mkono: juu kidogo, juu kidogo, halafu chini."

Plastiki zilikuwa zimekwisha. Kamera tulikuwa tumeazima kwa watu waliozunguka vijijini na gari la sinema, na ilitakiwa irudi Jumamosi. Alhamisi asubuhi Mzee Malimi alikuja amechelewa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na bahasha ya kahawia mkononi. Kona yenye jina ilikuwa imechanwa.

"Nimepata moja," akasema. "Osha."

"Ya nani, Mzee?"

"Ya mtu asiyeihitaji tena. Osha, Konso, jua linakwenda."

Eksirei, wanangu, ina ngozi pande zote mbili. Hilo nilikuwa nalijua kuliko jina langu. Unasugua upande mmoja, unageuza, unasugua wa pili. Siku ile jiki ilikuwa imebaki kidogo chini ya chupa na maji hayakuwa ya moto. Nilisugua upande mmoja vizuri, wa pili nikaupitia juujuu. Nilipoinua dirishani niliona kama ukungu, mistari hafifu iliyopinda. Nikajiambia, ni maji haya, nani atajua? Nikapaka ile mistari mitatu nyeupe, nikampelekea.

Akaipokea. Akaiweka juu ya Kabula, akashusha kioo, akawasha taa. Mkono wake ukabaki juu ya kioo. Kisha akasema, "Haya. Soma namba."

Nikawa nasoma namba, yeye anasogeza plastiki na kupiga picha. Juu, juu, juu. Chini, chini, chini. Mchana kutwa, mapazia yamefungwa, taa zinatuunguza. Alikuwa akikohoa, anageuza uso ili asipulizie kioo, kisha anaendelea. Plastiki ilikuwa inapanda mara ya saba wakati kamera ilipotoa sauti ya utupu. Filamu imekwisha. Tulikuwa tumepanga mara nane.

"Inatosha," Mzee Malimi akasema. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Nilidhani amechoka kama nilivyochoka mimi.

Filamu ikapelekwa Nairobi kusafishwa, maana kwetu hapakuwa na mitambo. Ikakaa huko wiki nyingi. Iliporudi tulitundika shuka studio, Mwalimu Bernadeta akavuka na meli kutoka Ukerewe, amevaa gauni la kanisani. Bwana Jayanti akaleta chevda ya kutafuna na chai. Mzee Malimi wakati huo alikuwa amekonda, shati linamning'inia, lakini alisema ni malaria isiyoisha, na sisi tulimwamini kwa sababu tulitaka kumwamini.

Kabula akatembea. Sitaweza kuwaeleza. Nyie mnaona vitu vikitembea tangu mko mgongoni mwa mama zenu. Mimi niliona karatasi zangu, zile zilizoniumiza kidole hiki, zikinyanyuka na kushuka mlima kama mama wa dagaa. Mwalimu Bernadeta alikuwa anamwita kwa sauti ndogo, "Taratibu, taratibu, kuna jiwe." Kana kwamba hakuandika yeye.

Halafu ikaja ile sehemu. Kabula amesimama mbele ya nyumba ya ngoma, na ndani ya maji, juu yake, zikatokea mbavu. Hafifu, kubwa, upande huu na upande huu. Zinapanda. Zinashuka.

Nilijua mara moja. Nilisubiri taa iwashwe nifukuzwe kazi mbele ya mgeni.

Filamu ikaisha. Mwalimu Bernadeta ndiye aliyesema kwanza. "Hii sikuiandika," alisema. "Kumbe ziwa lina kifua. Sikuiandika, na ilitakiwa niiandike."

Mzee Malimi akaomba irudishwe nyuma. Tukaitazama tena. Akasogea mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikaziba nusu ya picha, akaweka kidole kwenye ubavu mmoja wa kushoto, uliojikunja kidogo kama tawi lililowahi kuvunjika.

"Mnauona huu?" akasema. "Dume la ng'ombe la baba lilinikanyaga nikiwa mtoto, kule Misungwi. Hawakunipeleka popote, ukaunga wenyewe." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Konso, umenitia ziwani."

Bwana Jayanti alikwenda kuwasha taa akakosa swichi iliyokuwa ukutani kwake miaka yote.

Kesho yake nilimwendea. Nikamwambia nitaosha plastiki upya, nitaomba filamu, nitaazima kamera, tutairudia sehemu ile.

"Acha," akasema.

"Lakini ni kosa, Mzee. Wewe mwenyewe umenifundisha, kosa halivuki meza hii."

"Hilo limeshavuka. Acha, mwanangu."

Hakuiona mvua ya mwaka ule. Ndugu zake walikuja kutoka Misungwi, wakachukua baiskeli yake, sanduku la rangi, na lile daftari la miguu. Msibani walikuwa wanaulizana nani ana picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Wakaniuliza mimi, wakamuuliza Bwana Jayanti, watu wa studio ya picha. Hatukuwa nayo. Mara ngapi Bwana Jayanti alimwambia, "Mzee, kaa kwenye kiti pale, bure kabisa," naye anajibu, "Kesho, leo nina rangi mikononi." Kila siku alikuwa na rangi mikononi. Jeneza lilikwenda bila picha. Bwana Jayanti alisimama nje ya duka lake, kamera shingoni, anafuta machozi kwa kitambaa cha kufutia lenzi.

Gari la sinema lilizunguka na filamu yetu kwa muda, kisha gari likafa, filamu ikapotea. Mimi nikaendelea na kazi. Nilichora mabango ya chanjo, kalenda, baadaye nikajifunza kompyuta kwa vijana wa umri wa wanangu, walionicheka vizuri tu kama nilivyochekwa Igogo. Nimestaafu salama. Lakini miaka yote hiyo, nikisikia harufu ya jiki kwenye nguo zilizofuliwa, nilikuwa nasimama. Nilikuwa najiuliza swali moja, na sasa nawauliza ninyi: jicho lililoona kipele kwenye shavu la Kabula, lililoona kamba ya kiatu changu, siku ile chini ya taa zote zile, mkono juu ya kioo, halikuona mbavu za mwenyewe?

Sijui. Nimekaa na swali hilo nusu ya maisha yangu.

Kisha mjukuu wa Bwana Jayanti akasafisha stoo, akaona kopo, akawaletea ninyi. Nanyi mkanitafuta mpaka mkanipata, Mungu awabariki. Mlipoonyesha kile kipande cha kwanza, kabla ya kufutwa, nilimwona. Hamkujua mlinionyesha nani. Halafu mkaonyesha cha pili, na maji yalikuwa mazuri, masafi, na hayakuwa na mtu.

Sikatai kazi yenu. Futeni mikwaruzo, futeni vumbi. Dakika ya pili kuna unywele umelala juu ya mlango wa nyumba ya Kabula. Huo ni wangu, nautambua, uondoeni, unaniaibisha. Pale anapogeuka kisimani rangi ya kanga inaruka kutoka nyekundu kwenda machungwa, tuliishiwa kopo. Kama mnaweza kuirekebisha, rekebisheni, Mzee Malimi angefurahi.

Lakini Kabula akifika mbele ya nyumba ya ngoma, toeni mikono kwenye kompyuta. Kaeni mtazame. Rehema, soma namba kwa sauti kama nilivyosoma mimi. Zinapanda, zinashuka, na ule wa kushoto uliojikunja utauona ukihesabu tatu kutoka juu. Mara moja. Mara mbili. Zitafika sita. Mara ya saba zinapanda, na hapo filamu yetu iliisha, kwa hiyo hazishuki.

Mwacheni palepale. Amevuta pumzi.